Sosi ya Wachina

Ngagara, Jumamosi, 1996

Sosi ingeweza kungoja. Wali wa jana ulikuwepo, mayai na vitunguu majani vilikuwepo. Lakini Madamu Mchina, niliyemfulia nguo zamani, alinifundisha kwamba bila sosi ya soya huo si wali wao, ni wali na mayai tu. Basi nikamtuma mume wangu, Hamisi, dukani mtaa wa Asiatique.

"Leo muji haiko muzuri," Hamisi aliniambia.

"Utarudi mbele ya kuvrefe, mbele giza haijaingia na watu kukatazwa kutoka."

Akavaa viatu, akaenda.

Haukupita muda, risasi zikaanza kulia upande wa mjini. Nilikaa mlangoni nikisoma dua, nashindwa hata kuimaliza. Watu walipita wakikimbia, yeye simwoni.

Kisha akatokea, pekupeku, shati limechanika begani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitazama mikono yake kabla ya uso wake.

Aliniona. "Iko hapa," akasema, akaitoa chupa ndani ya shati. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Nilikaanga kwa moto mkali, kama nilivyofundishwa. Alikula sahani yote, akasema ni tamu.

Baadaye, nilipomwosha miguu, nikakuta kipande cha kioo kimezama kwenye unyayo.

"Hamisi, mbona hukuniambia?"

"Wali ingepoa."

Sasa amelala. Nimekaa hapa, sijui kesho nimwombe msamaha kwa neno gani.