Kigoda cha Kukhu Kitoke Nje

Kanada,
Februari

Kwa Kukhu, nyanya yangu mpendwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, pamoja na mdogo wangu Nekesa, ambaye najua ndiye anayekusomea. Je, goti lako limepata nafuu? Ng'ombe amezaa? Mimi ni mzima, ingawa theluji imefika magotini, na uhandisi niliousomea sasa umenipa meza yangu na kiti cha kuzunguka.

Barua ya Mama imenifikia. Ameniarifu kwamba kifua cha Nekesa kilimbana tena hadi akalazwa, na daktari amesema moshi wa tumbaku ndio unaomchokoza. Kwa kuwa yeye hulala nyumbani kwako, kama walivyolala shangazi zangu kwa nyanya yao, tangu nisome maneno hayo sijatulia.

Huku, Kukhu, wamepiga marufuku kuvuta sigara ofisini, katika mabasi na mikahawani, ili wasiovuta wasidhurike. Hata mkuu wetu, mzee mwenye mvi, huvutia nje mlangoni, kola imefunika masikio. Nami hutoka nikasimama karibu naye. Juzi akaniuliza:

"Kijana, wewe huvuti. Unafuata nini kwenye baridi hii?"

"Nanusa nyumbani, mzee."

Nikamweleza unavyoigeuza sigara, upande wa moto ukaingia kinywani, nawe ukaendelea kumenya viazi na kusimulia hadithi, mashavu yaking'aa kama koroboi. Na mimi, niliyetoka kuokota miwa iliyodondoka kwenye trela za kwenda kiwanda cha sukari cha Butali, nikiamini kabisa kwamba unakula moto. Alicheka hadi sigara yake ikaanguka kwenye theluji.

"Lakini wewe ndiye mkuu," nikamwambia. "Ukijifungia ofisini ukavuta, nani atakukemea?"

"Karani wangu ni mjamzito," akasema, akawasha nyingine.

Baba hathubutu kukutamkia neno hili, maana wewe ni mama yake. Lakini mimi uliniita mume wako tangu sijaota meno; basi nalisema kwa mamlaka uliyonipa mwenyewe. Tafadhali, mke wangu, sigara isiingie tena nyumbani. Kigoda chako kiwekwe nje, penye jua la asubuhi. Nakusikia kabisa: "Hebu mwone huyu! Juzi nilikuwa namfuta kamasi, leo ananifukuza nyumbani mwangu!" Nitukane upendavyo, Kukhu, mradi unitukane ukiwa nje.

Nekesa, usiiruke aya hiyo. Irudie, kwa sauti.

Nisalimie Baba, Mama, na Shangazi muuza ndizi wa sokoni. Siku nitakayorudi, natamani harufu ya tumbaku yako inipokee pale penye ua, kabla mbwa hawajaniona. Kisha niingie ndani nimkute Nekesa amelala, nami nilazimike kuinama ndipo nisikie anavyopumua.

Mumeo mtiifu,
Mhandisi Barasa