Usimfungulie Kisilu

Wanza,

Muthokoi uko kwa sufuria, pasha tu. Usiwashe redio, wala usigonge mlango wa ndugu yako. ~~Akiomba sana, mfungulie.~~ Usimfungulie, hata akilia.

Asubuhi nilimpelekea uji, kifuniko kikaniponyoka. Kisilu aliruka, jasho likimtiririka, akanikaba koo kabla hajanitambua. Halafu akalia kama mtoto. Nikirudi na leso shingoni, usiniulize.

Si wazimu. Nesi alinieleza kwamba ubongo wake ulizoea kutulizwa na heroini. Sasa ameiacha, homoni za hofu zinamwagika tu, na hakuna cha kuzituliza. Kishindo kidogo, kwake ni simba.

Kwa hivyo wamama wa maombi wakija na ngoma zao, warudishe kwa heshima. Ni mimi niliyewaalika, na kichwa changu kigumu! Mungu si kiziwi, atatusikia hata tukinong'ona.

Nimeenda kumleta nesi. Visu nimevibeba kwa kiondo. Kile cha kukatia sukuma nimekitafuta kila mahali, sijakiona.

Sasa inua macho. Ukiona mlango wake uko wazi, acha hii karatasi, kimbia kwa kina Nzilani.

Mama