Tumeipita Njia ya Mlimani Mchana Kweupe

Mama yangu,

Nakuandikia huku miguu yangu imo ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi. Kisigino cha kushoto kimetoka lengelenge kubwa, na Akinyi, mjukuu wako tuliyempa jina lako, ananicheka kwa sababu yeye hana hata moja. Tumeitembea ile njia, mama. Tumetoka kijijini kwetu juu, kwenye ukuta wa mawe, tukafuata mgongo wa milima mpaka ziwani. Safari hii hatukumkimbia mtu. Ni mwaka wa pili sasa tangu tukuzike, na hili nisipokusimulia wewe, sijui nimsimulie nani kwanza.

Mara ya kwanza tulikuwa wawili tu, mimi na wewe. Nilikuwa nimemaliza darasa la tano. Ulikuwa mwezi wa kumi na mbili, shule zimefungwa, na wazee walikuwa wametangaza saro, msimu wa kuwakeketa wasichana. Shangazi Wankuru, dada yake baba, alikuja nyumbani na kanga mpya, akanipima nayo begani, akasema rangi yake inanipendeza. Mimi nilifurahi. Nilikuwa mtoto, nilitaka ngoma na zawadi kama wenzangu. Wewe ulikuwa unapepeta ulezi, wala hukuinua uso.

"Bado mdogo huyu," ulisema.

"Huko kwenu ziwani ndiko angeitwa mdogo," shangazi akakujibu. "Hapa ameshakua."

Hapo ndipo walipokuwa wanakuchoma siku zote, mama. Wewe ulikuwa Mjaluo uliyeolewa katika kijiji cha Wakurya, na kwenu wasichana hawakeketwi. Ulijifunza Kikurya mpaka watu wakasahau lafudhi yako, ulilima, ulizaa, ulizika nao wafu wao, lakini jambo likiwa zito ulirudishwa ziwani kwa maneno. Baba alikuwa amekaa mlangoni anachonga mpini wa shoka. Aliendelea kuchonga.

Kesho yake, jua likiwa utosini, uliniambia nichukue jembe tukapalilie mihogo. Tulitoka kwenye lile pengo la ukuta wa mawe, ukuta ambao babu zetu waliujenga ili kujikinga na wezi wa ng'ombe, na ambao siku hizi wageni wanapanda mlima kuja kuupiga picha. Wanawake waliokuwa wanaanika mtama juu ya mawe walikusalimu, ukawaitikia kwa sauti yako ya kila siku. Tulipofika shambani hukusimama. Uliyalaza majembe yote mawili chini ya kichaka, ukanishika mkono, tukaanza kupanda.

Sikuuliza kitu mpaka tulipofika juu kabisa, pale kijiji kinapokuwa nyuma ya bega la mlima.

"Mama, tunakwenda wapi?"

"Kwa bibi yako, ziwani."

"Tutarudi lini?"

"Wewe utarudi watakapokukubali hivyo ulivyo."

Sikuelewa, lakini uso wako ulinizuia kuuliza tena. Nikageuza macho nitazame mbele, na hadi leo sijaona kitu kizuri kama nilichokiona pale. Mgongo wa milima ulikuwa umenyooka kuelekea magharibi, nyasi zake zimelazwa na upepo. Kushoto, mbali chini, mto Mara ulikuwa umejikunja katikati ya majani ya kijani. Kulia ilikuwa milima ya Kenya, kilele nyuma ya kilele. Na mbele kabisa, pale mbingu inapoishia, palikuwa na mstari mmoja mwembamba unaong'aa. Ulinionyesha kwa kidole ukasema kwa lugha ya kwenu, "Nam." Ziwa.

Kisha tukakutana na baba mdogo Marwa. Alikuwa anachunga ng'ombe kwenye bonde dogo kati ya vilima viwili, na njia haikuwa na pa kukwepea. Alikuangalia wewe, akaniangalia mimi, akaangalia mikono yetu mitupu.

"Shemeji, huku hakuna shamba."

"Najua," ulisema. "Nampeleka mtoto kwa mama yangu. Ukitaka kupiga yowe, piga. Lakini utanishika mimi kwanza."

Nilihisi vidole vyako vikinibana mpaka vikaniuma. Baba mdogo aliwapigia mluzi ng'ombe ambao hawakuwa wamekwenda popote. Halafu akavua kibuyu chake cha maziwa begani, akakupa.

"Vijana wanatoka mnadani kwa njia hii," alisema. "Shukeni upande wa mto, mpande tena pale penye mwamba mweupe. Mimi leo sijaona mtu."

Tulilala kwa mama mmoja mlokole uliyekuwa unamfahamu kanisani, na kesho yake alasiri tukashuka kilima cha mwisho. Bibi alikuwa ufukweni anaanua dagaa. Ulipomwona ulikaa chini mchangani, ukacheka na kulia kwa wakati mmoja. Alikuacha mpaka ulipomaliza. Kisha akanivuta kwake, akaniita nyakwara, mjukuu wangu, akanipa samaki wa kuchoma mkubwa kuliko uso wangu.

Nilidhani utabaki. Asubuhi ulijifunga kanga upya kiunoni, ukaniambia nimsikilize bibi na nisiache shule. Ulikuwa unarudi.

"Watakupiga," nilikuambia.

"Huenda. Lakini ndugu zako wako kule, na nyumba yangu iko kule. Sikumkimbia mtu. Nilikupitisha wewe tu."

Nilikutazama ukipanda kile kilima peke yako mpaka ukawa mdogo kama kijiti. Mengine niliyajua nilipokuwa mtu mzima, na wewe hukuyasema, niliambiwa na wengine. Kisimani walikuwa wakikuona wanaondoa ndoo zao. Shangazi hakukusalimu kwa miaka mingi. Baba alihamia nyumba nyingine hapohapo uani, akawa anakula chakula chako bila neno. Na wewe, kila baada ya mavuno, ulikuja ziwani kwa njia ileile na viazi vitamu mgongoni, ukakaa kwa bibi siku chache, ukakagua madaftari yangu ambayo hukuweza kuyasoma, ukapanda tena mlima.

Ulinivusha shule ya msingi, sekondari, na chuo cha ualimu. Serikali iliponipangia kazi huku wilaya ya Serengeti, Morotonga, ulicheka ukasema sasa nimekwenda mbali na kote kuwili. Hukukosea. Nilikuja kijijini mara chache tu, na siku niliyokaa muda mrefu kuliko zote ndiyo siku tuliyokuzika.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Shule zilipofungwa, baba alinipigia simu. Unajua baba hapigi simu. Nilidhani kuna msiba.

"Njoo nyumbani na Akinyi," alisema.

Akinyi ana umri ule niliokuwa nao mimi. Nami nilikuwa nimesikia kwamba saro imeitwa tena, safari hii kwa kunong'onezana, kwa kuwa sheria inakataza.

"Tuje kufanya nini, baba?"

"Nataka kwenda kwa mama mkwe wangu kabla hajafa. Nataka kwenda kwa njia aliyopita mama yako. Mimi siijui. Wewe unaijua."

Mume wangu, ambaye ni mtu wa Kisaka, huku huku Serengeti, na hana maneno mengi, alisikia yote. Aliniambia, "Nendeni. Ukiona jambo haliendi sawa, nipigie, nitakuja na pikipiki usiku au mchana."

Tulifika nikiwa sijaamini. Nilimkuta baba kaoga, kavaa koti lake la kanisani na viatu vya raba alivyonunua mjini Tarime kwa ajili ya safari. Nyuma yake walisimama mke wa mdogo wangu na binti zake wawili, na majirani wanawake na binti zao, kila mmoja na kifurushi cha nguo. Nilimuuliza baba ni nani amewaita hawa.

"Niliwaambia tu ninakokwenda," alisema. "Wakasema na wao wanakwenda."

Basi tukaanza kutoka, mama, msururu mzima, jua likiwa juu na kijiji kizima kinatazama. Na pale kwenye pengo la ukuta alikuwa amesimama shangazi Wankuru. Amezeeka, lakini mgongo wake haujapinda.

"Shikamoo shangazi," nilisema. Hakunijibu mimi. Alimwangalia baba.

"Wote hawa unawapeleka wapi?"

"Kwa wakwe zangu. Kuwasalimia."

"Msimu huu?"

"Ndiyo. Msimu huu."

"Na wakirudi watakuwa watu gani? Nani atawaoa?"

Baba alipumua. Nilijua kama angenyamaza wakati huo, kama alivyonyamaza mwaka ule akichonga mpini, wale wanawake wangegeuka mmoja mmoja. Lakini hakunyamaza. Alisema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya ukuta, "Watakuwa binti zetu. Mimi nilimwoa mwanamke ambaye hakukeketwa, na katika kijiji hiki sijaona aliyemzidi. Nilichelewa kulisema hilo. Nalisema leo. Tupishe, dada."

Shangazi hakutupisha, ila hakunyoosha mkono. Tukapita pembeni yake mmoja baada ya mwingine. Na nilipogeuka nilimwona Robi, mjukuu wa kike anayeishi naye, anatoka nyuma ya gauni la bibi yake na viatu vyake mkononi. Alisimama kidogo. Alimtazama bibi yake usoni. Kisha akaingia kwenye msururu, nyuma ya Akinyi. Shangazi hakumwita.

Mama, kama ungeona tulivyotembea. Wasichana waliimba kutoka kilima hadi kilima, nyimbo za shule, nyimbo za kanisani, na zingine wanazozitunga wenyewe za kunicheka mimi ninavyohema. Upepo ulikuwa mwingi juu kule, kanga zinapepea, na mto Mara uko palepale ulipouacha. Tulipofika kwenye mwamba mweupe baba aliomba tupumzike. Tukakaa, tukala viazi.

"Siku ile niliyaona majembe," alisema ghafla.

Nilimtazama.

"Nilikwenda shambani jioni, nikayakuta chini ya kichaka. Nikajua. Nikayabeba nikayarudisha nyumbani. Walioniuliza niliwaambia mmekwenda msibani kwa wakwe. Mama yako aliporudi sikumwambia."

"Kwa nini hukumwambia, baba?"

"Niliogopa ataniomba niliseme hadharani."

Nilimmenyea kiazi kingine. Ninakuambia wewe sasa kwa sababu najua miaka yote ile ulidhani uko peke yako kabisa, na kumbe kulikuwa na mtu mmoja mwoga upande wako. Si kitu kikubwa. Lakini ni chako, nimekuletea.

Kesho yake, kwenye kilima cha mwisho, ziwa lilifunguka mbele yetu lote, la bluu, halina mwisho, na wale wasichana ambao hawakuwahi kuliona wakaacha kuimba. Kisha wakaanza kukimbia. Waliingia majini na nguo zao. Robi alikuwa wa mbele.

Bibi bado yupo, mama. Haoni vizuri, anakaa kwenye kiti chake mlangoni. Baba alivua kofia akasimama mbali, kama mkwe anavyopaswa.

"Nani huyo?" bibi aliuliza.

Baba akajitaja jina.

"Umekuja na gari?"

"Kwa miguu, mama. Kwa njia ya mlimani."

Bibi alitikisa kichwa taratibu. "Umechelewa," alisema. "Kaa, ule."

Tulikaa ziwani mpaka saro ikaisha. Kisha baba akawarudisha wasichana wote kwa njia ileile, yeye mbele, na wakaingia kijijini asubuhi watu wakiwa wameamka. Mimi na Akinyi tulienda nao, ndiyo maana nina lengelenge hili.

Jana amenipigia tena. Wazee walimwita kikaoni, wakamtaka aeleze kwa nini anazungusha watoto wa watu milimani. Alisimama akasema amewapeleka kula samaki, na kwamba mwenye neno zaidi aliseme mbele ya wazazi wao. Wazazi walikuwa wamesimama nyuma yake, mama, akina mama kwa akina baba. Hakuna mzee aliyesema kitu. Shule zimefunguliwa, na wasichana wote waliokwenda nasi wako darasani, wazima, hakuna aliyeguswa.

Maji ya beseni yamepoa na Akinyi anataka kulitumia. Pumzika, mama yangu. Kazi uliyoianza peke yako sasa ina watu wengi.

Binti yako,
Bhoke