Kijiko Kiligonga Mara Tatu

Kwako uliyekuwa mchumba wangu,

Koma kunitumia "niaje" kana kwamba tuko sawa. Hatuko sawa. Nina hasira nawe, na leo utanisoma mpaka mwisho.

Unakumbuka bwawa la kuogelea la ile shule karibu na Adams Arcade? Wewe majini mpaka kifuani, umeshika maikrofoni ya majini, ukirudi nyuma mita moja moja. Mimi, nisiyejua kuogelea, ukingoni na kompyuta. Tulikuwa tunapima jinsi sauti inavyofifia ndani ya maji, tupate shahada zetu pamoja. Kila rekodi niliianzisha kwa kugonga ngazi ya chuma mara mbili kwa kijiko. Siku ya kwanza kijiko kiliniponyoka, kikagonga mara ya tatu. Ulicheka mpaka ukameza maji. "Iache tu, mpenzi. Nani atajua?" Aki nilikupenda.

Kisha nikaenda Kitui kumuuguza mama. Ukaniambia nisijali, utarekodi siku mbili zilizobaki peke yako. Nilikushukuru hadi machozi, mjinga mimi!

Niliporudi nikajifungia chumbani kwangu Dagoretti Corner kuchambua data. Tulitaka siku tatu kwa sababu maji hubadilika: leo yana joto, kesho pampu inanguruma. Lakini rekodi za siku zako zilikuwa zilezile za siku ya kwanza, sauti imepandishwa kidogo tu, kila mahali kwa kiwango kimoja. Nikavaa spika za masikio. Ngo, ngo. Ngo. Siku ya pili, ngo, ngo, ngo, sekunde ileile. Ya tatu pia. Kijiko changu, nami niko Kitui! Ulinakili siku moja ukaiita tatu, halafu ukaandika jina langu kwenye ripoti.

Nilipokuuliza, ulinijibu, "Wacha kiherehere, bana. Wataangalia grafu. Nani ataskiza?"

Jumatatu nilienda mjini, ofisini kwa msimamizi wetu, nikamwekea rekodi zote tatu. Alisikiliza, akavua miwani.

"Nani anagonga?"

"Ni mimi, Daktari."

Ripoti yetu imefutwa, na mwaka huu sihitimu. Mama alikuwa ameshashona nguo ya sherehe, na nimemwambia aikunje. Nitarudia vipimo vyote, na safari hii nitaingia majini mwenyewe, woga wangu na yote. Nakuchukia kwa hilo.

Barua yako ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo inaletwa kwa mkono. Ukisikia mlango unagongwa, fungua.

Aliyekuwa mchumba wako,
mwenye kijiko