Mdandiaji wa Jumanne

Nyuma ya Soko la Samaki,
Sekondi.
Jumatatu, 9 Septemba.

Mpendwa mpwa wangu Mansa,

Ukifika Sekondi leo ukauliza bahari iko mikononi mwa nani, wasikudanganye kwamba ni ya serikali. Imo ndani ya tangi la kioo kwenye ukumbi wa hoteli ya Madam Quansah, na ufunguo wa chumba cha pampu ninao mimi, mjomba wako. Wageni wa Accra hawapandi vyumbani kabla ya kunisalimia.

U hali gani huko Bremen? Baridi imeanza kukuuma? Sisi wazima. Jino langu limenyamaza. Mke wangu Esi anakausha samaki kwa moshi kama kawaida, na mdomo wake pia uko kama kawaida.

Nakuandikia wewe kwa kuwa umesomea wanyama wa baharini. Mimi shule niliiacha darasa la sita, ilipoona nimeizidi. Simu yangu ni ya tochi, haipigi picha, na ikilia Esi huniwahi kuipokea. Barua hii anakuletea Bwana Ackon, anayepanda ndege Jumatano.

Tangi lilipokwisha kujengwa, Madam alitaka mawe ya baharini yenye uhai wake. Nikamwambia hiyo kazi ndogo, nikamletea ndoo nne. Kumbe mawe yamekuja na wadandiaji. Kwanza akajitokeza konokono mweusi, kisha kiti cha pweza mwenye mikono kama mikia ya panya, kisha mnyoo mwenye manyoya ubavuni. Wote niliwataja majina mbele ya wageni bila kukwama. Mnyoo nilimwita nyoka mchanga wa kilindini, na bwana mmoja alivua kofia.

Wa mwisho ndiye amenishinda. Anakaa shimoni ndani ya jiwe la chini kabisa na kazi yake kugonga kioo. Ko. Ko. Watu wanaacha kenke yao ya mahindi mezani wanatazamana. Amempasua yule konokono kama njugu, na Ijumaa alimuua samaki wa manjano wa Madam. Nimemwona mara moja tu: kamba wa urefu wa kidole, mikono kaikunja kifuani kama vunjajungu, macho juu ya vijiti, moja likinitazama mimi na jingine mlango.

Mvuvi yeyote hapa angemtaja kabla sijamaliza kumweleza. Lakini siwezi kuwauliza, maana mawe yale niliyatoa majini siku ya Jumanne. Unajua mwenyewe, Jumanne kwetu hakuna anayeigusa bahari. Ni siku yake ya kupumzika. Mimi nilijiambia naitwa Kobina, jina la mtoto aliyezaliwa Jumanne, siku ni yangu.

Jana Esi alinibana pale kwenye tanuri. "Kobina, uso huo ni wa ugonjwa au wa mwanamke?" Nikamweleza. Akaweka sinia chini.

"Wewe ni mtoto wa Jumanne, si mwenye Jumanne. Nana Bentsil akijua, mtumbwi gani utaniuzia samaki? Nitakausha viatu vyako?"

Hakuwa anatania. Nana Bentsil ndiye mkuu wa wavuvi. Kondoo na chupa za pombe ya jini za kuomba radhi ningetafuta. Lakini akiifungia nyumba yetu, tanuri la Esi limezimika.

Sasa Madam amemwalika Nana huyohuyo aje Jumamosi amtazame mgongaji. Madam ni mtu wa Kumasi, mbali na pwani, mambo ya bahari hayajui. Nilimwambia, "Madam, Nana ni mtu mzima, tusimsumbue."

"Mwenyewe kapenda kuja, Kobina. Anataka tu kujua mawe yalitoka lini, na hilo nalikumbuka: ile Jumanne fundi wa vioo alipomaliza."

Nikaenda kusuuza chujio lililokuwa safi.

Kuyarudisha siwezi. Siku za kazi ufukoni kumejaa macho, na kesho ni Jumanne, nitakuwa nimeongeza kosa juu ya kosa. Nikisimama mbele ya lile tangi siku hizi, sijui nani yuko ndani.

Nakuomba upige simu ya hoteli kabla ya Jumamosi, uniulizie mimi. Nitajie jina lake na namna ya kumtoa jiweni, nimwambie Madam kazi imekwisha, Nana apumzike kwake.

Nisalimie mumeo Joojo, mwanao Atta, na kaka yako Ebo akipita hapo. Mungu awape afya na awarudishe kwetu mkiwa mmenenepa.

Ukishindwa, najua Nana ataniuliza jambo moja mbele ya watu: kwa nini Jumanne? Hilo la jina langu halitamtosha. Wewe nakwambia kweli, usimwambie mtu. Madam nilimwambia nilizamia pima tano. Nilichagua Jumanne kwa sababu ufuko huwa mtupu, hakuna wa kuniona. Mawe niliyaokota maji yamekupwa, yakinifika magotini, mkono mmoja umeng'ang'ania mwamba. Mimi, Mansa, sijui kuogelea.

Ni mimi mjomba wako akupendaye,
Kobina Egyir