Koti la Waya

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie huko ulikohamishiwa kikazi, wewe na shemeji yangu na lile tumbo lake linalofika mahali kabla yake. Natumaini mafua yamekuacha. Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limeota kiburi, haliinuki mpaka libembelezwe. Binti yako naye hajambo. Asubuhi anakwenda zahanati kwa wagonjwa wake, jioni ananisomea gazeti, maana macho yangu siku hizi yanaona vichwa vya habari tu, habari zenyewe zinajificha.

Nimeshika kalamu kwa ajili ya ile barua yangu ya kwanza. Nilikuandikia kwamba fundi wa magari anayemchumbia binti yako, huyu tunayemwita Kimya, ni mwongo, na usiikubali posa yake. Ukanijibu kwamba mwisho wa mwezi utawaandikia wazee wake kukataa, kwa kuwa kaka yako hajawahi kukosea kumpima mtu. Hapo kwenye kukosea ndipo penye maneno. Soma taratibu, na shemeji asichungulie begani.

Unakumbuka mambo yalivyoanza. Gari ulilomwachia binti likawa linazima njiani. Asubuhi linawaka bila ubishi, likishapata moto, basi. Siku moja lilimzimikia katikati ya mzunguko wa barabara, naye amebeba chanjo za watoto kwenye kisanduku cha barafu, honi za nyuma zinamtukana mpaka mama yake, yaani wewe. Kimya akaitwa. Akachomeka kimashine chake chini ya usukani, kikamwonyesha namba, akasema lawama iko kwenye sensa ya kamshafti. Nikamwuliza huyo ni mdudu gani. Akanieleza kwamba ndani ya injini kuna mhimili unaozunguka kufungua na kufunga vali, na sensa ni jicho la kuutazama umefika wapi. Jicho likisinzia, kompyuta ya gari haijui lini ipeleke mafuta, lini ipige cheche. Alieleza vizuri mno. Mimi mtu akinieleza vizuri mno, huwa napapasa mfuko wangu.

Basi akaichomoa sensa isiyo na ubovu kwenye gari lake mwenyewe, linalofanana na lako, akaifunga kwenye lako ili ajaribu. Siku mbili gari likaenda kama limeombewa. Siku ya tatu likazima hapa hapa langoni. Nikasema namjua huyu, anaharibu kidogo ili apate sababu ya kuja. Kila Jumamosi kichwa chake kimo ndani ya boneti, na binti yako anampelekea maji ya kunywa mara sita, utadhani anamwagilia mche. Tena mtu wa maneno machache vile, nikajiambia, ana mengi ya kuficha.

Ndipo nikakuandikia. Na nikaweka ulinzi. Nilitia alama ya chaki kwenye kila boliti niliyoifikia, nikafunga uzi mweusi kwenye mdomo wa boneti nijue nani anaifungua. Wiki nzima uzi haukukatika, na gari likazima mara nne. Mtu mwenye akili angeacha kumshuku. Mimi nikaamua anatumia rimoti.

Jumamosi iliyopita akaja na mita ya umeme, sensa hakuigusa. Nikavuta kigoda changu karibu, nikakaa kama askari wa benki. Aliniuliza kama kuna mtu mwingine amewahi kuigusa injini. Nikamjibu ni yeye na Muumba tu. Akapima nyaya tatu za sensa: mmoja unaoleta umeme, mmoja wa ethi, unaourudisha, na wa tatu unaopeleka habari. Injini ikiwa baridi zote zilikuwa safi. Akaiwasha, akaiacha ikapata moto, kisha akawa anazipapasa nyaya na kuzitikisa kidogo kidogo, akitoka kwenye sensa kwenda nyuma. Alipofika mahali fulani, injini ikafa mkononi mwake.

Mdogo wangu, mahali penyewe napajua. Miezi miwili iliyopita niliosha injini ili binti aone gari linang'aa. Nikakuta utepe wa nyaya umebanduka, zinaning'inia kama kamba za suruali ya mlevi. Wewe unanijua, miaka arubaini kwenye cherehani, siwezi kuona kitu kinaning'inia nikanyamaza. Nikazishonea koti la kitambaa cheusi, mshono wangu ule wa kurudi nyuma. Sindano ikanikatikia, nikaitafuta ncha chini nisiione, nikasahau.

Kimya alilichana lile koti. Akautazama mshono. Kisha akautazama upindo wa suruali yake, niliyompunguzia mimi mwenyewe siku tulipokuwa bado marafiki. Ncha ya sindano yangu ilikuwa imetoboa ngozi za nyaya mbili. Injini ikipata moto na kutikisika, ncha inazigusanisha, habari haifiki. Binti akatoka na maji yake, akauliza kumetokea nini. Kimya akamwambia nyaya zimechakaa, ni uzee tu. Aliposema uzee hakunitazama.

Binti alipoingia ndani, Kimya akaniwekea ncha kiganjani, akasema hii ni mali yako mjomba, safari nyingine niite nikushikie waya. Sasa ni siku ya sita, gari halijazima.

Na nikuambie lililo chini ya yote, maana ulikuwa unanifichia makosa kwa baba tangu utotoni. Nilitaka Kimya awe mwongo. Akiwa mwema atamchukua binti, na mimi gazeti atanisomea nani?

Usiwaandikie wazee wake kukataa. Andika ndiyo, na uandike upesi kabla sijapata shaka nyingine. Binti nimeshamwambia yote jana. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaninunia, na jioni akanisomea gazeti kurasa za vifo tu.

Msalimie shemeji, mwambie afunge vifungo. Ncha ya sindano nimeichomeka pembeni mwa karatasi hii iwe ushahidi. Angalia isikudunge.

Ni mimi kaka yako,
niliyepigwa marufuku kufungua boneti.