Bendera Nyekundu Maili ya Arobaini na Sita

Milwaukee, 3 Mei 2011

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Goti linaendeleaje, na moyo je? Sisi hatujambo.

Nilifurahi daktari alipokuamuru ukimbie polepole kila asubuhi, nikafurahi zaidi uliposema utakimbilia kwenye ile njia ya mazoezi iliyokuwa reli yako. Lakini jirani yako Darlene kanipigia simu. Anasema unakimbia na kofia ngumu kichwani na kizibao cha rangi ya machungwa. Kila barabara inapokatiza unasimama, unatazama huku na huku kama treni inakuja, na reli ziling'olewa miaka kumi na tisa iliyopita! Tena unabeba nyundo, unagongagonga ardhi, halafu unalaza kiganja chini kama mganga.

Baba, watu wanacheka. Wasiocheka wanasema umeanza kuchanganyikiwa, na hao ndio wananitia hofu. Chumba cha chini hapa kwangu nimekipaka rangi. Njoo ukae nasi. Nyumba tutaiuza taratibu.

Ni mimi mwanao,
Marlys


Kessel Creek, 9 Mei 2011

Mwanangu Marlys,

Salamu zako nimezipata. Goti linalalamika kama Darlene, moyo unakwenda vizuri.

Akili zangu ninazo zote. Nilikuwa mnyapara wa gengi, kikosi cha kutengeneza reli, miaka thelathini na moja, maili ya arobaini na moja mpaka ya arobaini na tisa, na kila asubuhi niliikagua kwa miguu. Mtu wa reli akikuta barabara inakatiza anatazama pande zote mbili. Najua hakuna treni. Mwili wangu ndio haujaambiwa. Hata hatua zangu bado ni za kutoka taruma hadi taruma, yale magogo yanayobeba reli, fupi fupi, mpaka mama mmoja anayesukuma mtoto kwenye kigari kanipita mara mbili asubuhi moja. Alinipungia mkono. Nilinuna siku nzima.

Ila nikwambie jambo. Ule mchanga laini waliomwaga juu, chini yake kuna kokoto zangu. Majira kumi na tisa ya baridi yamepita na njia haijabonyea popote, isipokuwa mahali pamoja tu: maili ya arobaini na sita, baada ya kiwanda cha jibini, juu ya kalvati la mawe linalopitisha kijito. Pale ardhi ina uvungu. Masikio yangu yaliuawa na mashine, lakini nyayo na viganja bado vinafanya kazi. Nimekwenda ofisi ya mji mara tatu. Wakamtuma mhandisi, akamulika tochi mdomoni mwa kalvati, akasema pazima, akaenda kula.

Chumba mpangishe mtu mwingine. Mimi sihami.

Ni mimi baba yako,
Orville Tesch


Milwaukee, 30 Mei 2011

Baba mpendwa,

Hujambo? Nasikia mvua huko zimezidi, usitoke bila koti.

Ofisi ya mji imeniandikia. Tarehe 18 Juni kuna mbio kwenye njia hiyo, watu mia tano, na mimi mwenyewe nilishajiandikisha. Wananiomba kwa adabu nihakikishe siku hiyo unabaki nyumbani. Mhandisi wao ana vyeti na vipimo, Baba. Wewe una nyundo. Ukileta vurugu mbele za watu, wataniuliza kwa nini nakuacha uishi peke yako, na sitakuwa na jibu.

Nakuomba, siku hiyo moja tu, kaa barazani.

Mwanao,
Marlys


Kessel Creek, 6 Juni 2011

Marlys mwanangu,

Mimi mzima, na koti ninalo.

Tufanye hivi, tusizungushane. Tarehe 18 nitaweka bendera nyekundu maili ya arobaini na sita, nami nitasimama nayo. Kwetu relini bendera anaiondoa aliyeiweka, basi. Baada ya hapo wachimbe. Wakikuta pako salama, nitafunga sanduku langu siku hiyohiyo, nihamie chumba chako cha chini, na nyumba uiuze. Hutasikia neno. Wakikuta uvungu, usinitajie tena chumba hicho.

Nimetia saini. Unaijua saini yangu, haijawahi kurudi nyuma.

Baba yako,
Orville


Milwaukee, 27 Juni 2011

Baba mpendwa,

Natumaini umepumzika. Goti lilivumilia kusimama kule kote?

Siku ile ulinishika mkono ukanishukuru kwa kukuamini. Neno hilo limenichoma tangu nirudi, kwa hiyo naandika.

Nilikuwa miongoni mwa wa mbele. Tulipopita kona ya kiwanda cha jibini nikakuona katikati ya njia, bendera imechomekwa, wewe umesimama wima kama siku ya gwaride. Msimamizi wa mbio alikuwa anakupigia kelele usoni, nawe humsikii. Nyuma yangu mwanamume mmoja akasema, "Mtoeni huyo babu, anatupotezea muda." Watu wakacheka. Nyasi za pembeni zilikuwa wazi, miguu yangu ilitaka kupita huko. Nikasimama. Nikageuka, nikakunjua mikono kando yako, nikamwambia yule mwanamume, "Huyu ni baba yangu. Hapa hupiti." Wengine wakasita, wakasimama, mpaka mia tano wote wakarudishwa kwa barabara kuu.

Na Jumanne ofisi ya mji ilipochimba ili kumaliza ubishi, tulikuwepo wote. Katapila lilikwangua mara moja tu, ardhi ikadidimia, likabaki shimo la kumeza lori la maziwa. Mhandisi alivua kofia. Nililia kwa fahari, Baba, na siwezi kuficha.

Lakini sikukuamini. Nilisimama pale nikijua kabisa umekosea, na kwamba Jumatano ningekuja kukuhamisha. Nilisimama kwa sababu tu sikuweza kuvumilia wakucheke ukiwa peke yako. Usinishukuru kwa nisichofanya.

Mwanao,
Marlys


Kessel Creek, 2 Julai 2011

Mwanangu Marlys,

Goti limevimba, lakini linajivuna. Mimi mzima.

Nilijua. Ulikuwa umesimama juu ya uvungu na hukutazama chini hata mara moja. Mtu aliyeniamini angesogea.

Sasa mji mzima unaniamini. Darlene kaniletea pai, meya kanitaka nikague njia yote kila mwezi, na wale waliocheka wananipungia mkono nikikimbia. Vizuri, nimepokea. Ila kuamini baada ya kuliona shimo hata ng'ombe anaweza. Gengini nilikuwa na watu saba, wanaume wa kazi, na ningekuwa sahihi wote wangesimama nami. Wa kusimama nami huku akidhani nimekosea sikumpata hata mmoja, miaka yote thelathini na moja. Nimempata ana miaka arobaini na nne, anahema, na namba ya mbio kifuani.

Jana alikuja mtu wa gazeti. Akaniandikia swali kwenye karatasi: katika kazi yako yote, unajivunia nini zaidi? Nadhani alitaka niseme kalvati. Nikamtajia jina lako, herufi moja moja, asije akalikosea.

Ni mimi baba yako,
Orville